Mashimo Sitini na Moja

Isidori Bura wa Masieda, huko Mbulu, hakuwa mtu wa kusafiri bila sababu, na sababu aliyompa mkewe asubuhi ile ilikuwa sweta. Binti yao Oliva alikuwa na siku nne huko Hirbadaw kwenye kazi ya majaribio, na sweta lake lilikuwa limebaki linaning'inia kwenye msumari.

"Kule ni chini, Baba Oliva. Joto lipo la kutosha," alisema Paskalina.

Isidori alijibu kwamba upepo wa mlima Hanang haubishiwi, akalisokomeza sweta kwenye mfuko na kushuka Dongobesh kutafuta gari. Paskalina hakumzuia. Miaka thelathini ya ndoa inatosha kumtambua mwanamume anayekwenda kuchungulia.

Na kweli alikuwa anakwenda kuchungulia, kwa sababu jambo hili la Oliva lilikuwa limemkaa kooni kwa miaka mingi. Oliva alisoma jiolojia chuo kikuu Dodoma. Isidori hakuijua vizuri jiolojia, lakini alilipenda neno lenyewe, na kila Jumapili baada ya misa alihakikisha limetamkwa walau mara mbili mbele ya watu. Halafu, binti akiwa mwaka wa pili, Margwe mchuuzi wa vitunguu saumu akarudi kutoka Dodoma na habari. Akazimwaga palepale uwanja wa kanisa. Amemwona Oliva kwa macho yake, Jumamosi, kwenye mashine ya kuchimba visima, matope mpaka kwenye nywele, anaosha mchanga kwenye ndoo katikati ya wanaume.

Isidori aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Mtu anauza mbuzi, anapeleka mtoto chuo kikuu, mtoto anakwenda kuosha mchanga! Alimpigia simu siku ileile. Oliva alimweleza kwamba ni kibarua cha mwisho wa wiki na siku za likizo, kwamba ameshafanya mashimo tisa, na kwamba anajifunza. Isidori akamwambia anayejifunza yuko darasani, aache mara moja. "Ndiyo, baba," alisema Oliva. Yakaisha. Margwe naye akaelezwa kwamba pengine alimfananisha.

Baadaye Oliva akahitimu, akavaa joho, picha ikatundikwa ukutani karibu na ya Bikira Maria. Kazi hakuna. Mwaka mmoja, miaka miwili. Aliandika barua za maombi mpaka mkono ukachoka. Wenzake aliohitimu nao, wengine wenye alama nzuri kumzidi, walikuwa makwao vilevile, mmoja anauza vocha, mwingine anachunga ng'ombe wa baba yake kama vile hajawahi kuondoka. Isidori akaacha kulitaja neno jiolojia.

Kisha, mwezi uliopita, kampuni moja ya visima iliwaita watu Babati kwenye usaili. Walikuwa thelathini na wawili. Msimamizi wa uchimbaji, mtu wa maneno machache aitwaye Pascal, aliwauliza wote swali moja tu: ukiwa na ndoo ya sampuli, unasimama upande gani wa mashine? Wengi walieleza aina za miamba. Oliva alisema anasimama upande upepo unakotokea, lakini mahali ambapo fundi wa mashine anauona mkono wake. Pascal akaandika jina lake na kumwambia atapewa kisima kimoja cha majaribio. Kikienda vizuri, atapata mkataba. Kikienda vibaya, nauli ya kurudi nyumbani.

Isidori aliposimuliwa, alidhani anataniwa. Yaani shahada nzima, miaka minne, imekuja kuulizwa mahali pa kusimama? Ndiyo maana alipanda gari na sweta lake.

Bodaboda ilimwacha Hirbadaw saa nne. Hakuhitaji kuuliza njia, kwani ardhi yenyewe ilikuwa inatetemeka. Lori kubwa lilikuwa limesimama uwandani, mlingoti wa chuma umesimikwa nyuma yake kuelekea mbinguni, na pembeni kompresa ya kusukuma hewa inanguruma mpaka unaisikia kifuani. Watu walikuwa wamejaa: wazee wa Kidatoga na fimbo zao na mashuka mabegani, akina mama na shanga zao, watoto, na nyuma yao ng'ombe wengi wenye mbavu za kuhesabika. Kwa watu hawa maji yalikuwa mwendo wa nusu siku kwenda na nusu siku kurudi. Mzee wao, Gidamis, mrefu na mkavu, alimsalimu Isidori na kumpisha kwenye kivuli bila kumuuliza ametokea wapi.

Ndipo Isidori akamwona binti yake. Alikuwa na kofia ngumu, buti, na ovaroli iliyokuwa ya bluu kabla ya vumbi. Alisimama peke yake mahali pa wazi, ndoo mkononi, macho kwenye mdomo wa shimo. Kila bomba lilipozama mita tatu, alikinga chenga za mwamba zilizorushwa juu na upepo wa mashine, akaziosha kwenye chujio, akazimwaga kirundo kimoja juu ya turubai. Kisha kirundo kingine pembeni yake, na kingine. Alipomwona baba yake alimwamkia kwa sauti ya kushinda mashine, lakini macho yalirudi shimoni kabla hajaitikiwa. Isidori alitaka kukasirika. Hakupata nafasi, kwa sababu alikuwa ameanza kuvitazama vile virundo.

Cha kwanza kilikuwa udongo mwekundu, wa kawaida, wa kupandia mahindi. Cha pili kilikuwa majivu. Cha tatu na cha nne majivu pia, ya ule mlima uliosimama kimya nyuma yao, enzi ambazo haukuwa kimya. Halafu mawe meusi yaliyosagika, halafu ya rangi ya ini, halafu mchanga mweupe kama chumvi. Isidori alitembea taratibu pembeni ya turubai, na katikati ya mwendo akaelewa kwamba kila hatua anayopiga ni kushuka chini ya ardhi. Hapa yuko mita kumi. Hapa ishirini. Vitu hivi vilikuwa havijaona jua tangu Mungu alipovifunika, na aliyevifunua na kuvipanga kwa zamu yao ni yule mtoto aliyekuwa akimbeba mgongoni kuvuka korongo la Masieda. Alijikuta amevua kofia, na hakujua ameivua saa ngapi.

Kwenye mita arobaini na sita vumbi likabadilika. Likatoka zito, likatoka tope, kisha maji yakaruka juu na kuwanyeshea waliokuwa mbele.

Jamani, vigelegele! Akina mama walirukaruka, vijana wakapiga fimbo zao chini. Mzee Gidamis aling'oa majani mabichi, jinsi wazee wanavyofanya wakitaka kubariki, akasogea kuyachovya kwenye maji. Isidori alishapiga ishara ya msalaba na alikuwa katikati ya Baba Yetu.

Oliva akainua mkono.

Mashine ikanyamaza. Lori zima, kompresa, mlingoti, vyote vilizima kwa sababu ya kiganja kimoja cha binti wa miaka ishirini na minne. Fundi hakuuliza kitu. Isidori alikuwa hajawahi kuona hata padri akinyamazishiwa namna hiyo. Oliva alikinga maji kwenye kiganja, akayaonja, akatema. Kisha akachovya kipimo chake cha chumvi, akakisoma, na kumwita Pascal.

"Haya siyo, bosi. Ni magadi."

Minong'ono ikaanza. Kijana mmoja akasema kwa sauti kwamba huyu msichana anakataa maji aliyotoa Mungu. Isidori aliona aibu ile ya uwanja wa kanisa inarudi, akamfuata binti yake haraka.

"Oliva, mwanangu, usitutie aibu. Maji yametoka, watu wameshangilia, wewe unasema siyo?"

"Onja, baba."

Akaonja. Ulimi ukamkunjamana. "Sawa, ni magadi. Lakini ng'ombe wanayapenda magadi! Si watu hawa hawa wanapeleka mifugo ziwani Balangida kulamba chumvi?"

Aliyemjibu alikuwa Gidamis, majani yake bado mkononi. "Chumvi ya ng'ombe tunajua mahali ilipo. Mimi nimekuja kutafuta maji ya mtoto."

Pascal alimvuta Oliva pembeni, lakini sauti yake ilizoea mashine, kwa hiyo wote walisikia. "Kampuni imetoboa mashimo mawili makavu mwezi huu. Nikipiga simu ofisini sasa hivi niseme maji yapo, kila mtu atafurahi. Nikiyafunga haya, kisha chini tukute pakavu, nitaonekana nimepewa maji nikayakataa. Na wewe majaribio yako yanaishia hapahapa. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Na bado unataka tushuke?"

"Nipe bomba moja kwanza nione yaliyo chini yake."

Alipewa bomba moja. Kilichotoka kilikuwa udongo wa mfinyanzi wa kijivu, unaonata. Oliva alikata kipande kidogo, akakitia mdomoni na kuanza kukitafuna polepole, macho ameyafumba. Akina mama wa Kidatoga wakashikana mikono. Isidori alitamani ardhi immeze yeye badala ya bomba. Mtoto wake, mwenye picha ya joho ukutani, anakula udongo mbele ya halaiki.

"Laini kama siagi," alisema Oliva. "Hakuna hata chembe ya mchanga. Huu ni mfuniko, bosi. Maji ya juu hayapiti hapa kwenda chini."

"Nani amekufundisha kutafuna?"

"Fundi mmoja mzee, Dodoma. Alikuwa ananitafunisha kila Jumamosi."

"Umesimama kwenye mashimo mangapi wewe?"

"Sitini na moja."

Pascal alimtazama upya. "Na yenye magadi juu na mfinyanzi chini?"

"Saba. Manne tulipata maji baridi ya kunywa chini yake. Matatu yalikuwa makavu."

Pascal akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Ungesema yote saba yalikuwa na maji, ningefungasha niondoke," alisema, na akaagiza mabomba ya kuziba maji ya juu yashushwe.

Lakini Isidori alikuwa amebaki kwenye ile sitini na moja. Alihesabu kwa vidole, akarudia. Siku aliyomkataza yalikuwa tisa. Basi hamsini na mawili yalikuja baada ya ile "ndiyo, baba". Mashimo hamsini na mawili, mtoto wake mwema, wa kwaya, alikuwa amemdanganya bila hata kupepesa.

Alilala kwa Gidamis siku ile, kwa sababu saruji ya kuzibia maji ya juu ilitakiwa kushika mpaka kesho. Asubuhi alimkuta Oliva amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai, amevaa lile sweta. Akakaa karibu yake juu ya jiwe.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo, baba."

Alikuwa amejiandaa kugomba, akakuta hana pa kuanzia.

"Kwa nini lakini?"

Oliva alizungusha kikombe mikononi. "Darasani nilifundishwa mwamba ni nini. Nilifaulu. Lakini siku ya kwanza niliposimama na ndoo, nilikosea kupanga sampuli, tukachimba vibaya, kijiji kizima kikabaki bila maji. Yule mzee hakunigombeza. Alinipeleka nikawatazame wale akina mama wakirudi na ndoo tupu. Nikaona nikiacha pale, nitakuwa nimejifunza kukosea tu." Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Na leo inawezekana nimekosea tena. Usiku kucha nimehesabu yale matatu makavu, baba."

Isidori aliitazama mikono iliyoshika kikombe. Ilikuwa mikono yenye kucha zilizokatika kama za mwanamume wa shamba. Ndani ya binti yake kulikuwa na hofu aliyokuwa haijui. Aliona sasa kwamba ule mkono ulioinuka jana haukuwa mkono wa mtu jasiri asiyejali. Ulikuwa wa mtu anayejua uzito wa kuinua mkono. Akamwongezea chai.

Mashine ikawashwa. Mita sitini, vumbi kavu. Sabini, kavu. Themanini, kavu kabisa, jeupe, likapeperuka mpaka kwenye nyuso za watu. Vijana walianza kuondoka mmojammoja na ng'ombe wao, kwa sababu safari ya maji ilikuwa inawangoja vilevile. Hakuna aliyemtukana Oliva. Walipita tu mbele yake bila kumtazama, na hilo lilimuuma Isidori kuliko tusi. Alisali sala zote alizozijua, akamaliza, akaanza kuomba kwa maneno ya hovyohovyo, kama mtu anayebembeleza mkopeshaji.

Mita mia moja. Fundi akazima. Mkataba wa kijiji uliishia hapo.

Pascal alikwenda kwa Oliva polepole, simu mkononi. Oliva hakumbembeleza. Alimnyooshea kiganja tu. Juu yake kulikuwa na chenga za mwamba, kubwa kuliko zile za mwanzo, na kila moja ilikuwa na upande mmoja wenye rangi ya kutu.

"Zimetoka bomba hili la mwisho," alisema. "Kutu haiji penye ukavu. Huu mwamba una nyufa, na maji yamewahi kupita ndani yake."

Pascal alizigeuza kwa kidole muda mrefu. Akairudisha simu mfukoni. "Mabomba matatu. Ofisini nitaeleza mwenyewe."

La kwanza lilizama, hakuna kitu. La pili lilikuwa limefika katikati wakati ng'ombe walipoinua vichwa. Wale waliobaki, na hata wale waliokuwa wameshafika mbali njiani, wote waligeuka upande mmoja, pua juu, masikio mbele, na mmoja akalia. Wenye ng'ombe hawakuelewa. Mzee Gidamis alielewa. Aliweka fimbo chini.

Ndipo ardhi ikatoa sauti ambayo Isidori hajawahi kuisikia tena, kama mtu mkubwa anayevuta pumzi, na maji yakapanda. Yalipanda kupita lori, yakapita mlingoti, yakasimama angani yakiwa tope, kisha kijivu, kisha meupe, na jua likapita ndani yake. Hakuna aliyepiga kigelegele. Watu walisimama wamelowa, midomo wazi, wametishika. Mita mia moja na tano chini ya miguu yao, siku zote walizosafiri nusu siku na nusu siku, haya yalikuwa hapa. Isidori alilia waziwazi, na hakujifuta.

Gidamis alijaza kibuyu. Kwa desturi angekunywa yeye kwanza, halafu wazee wenzake, halafu mgeni. Hakunywa. Alikipeleka kwa Oliva, akasimama mbele yake. Wazee wote wakaja wakasimama nyuma yake, na akina mama nyuma yao, na ng'ombe wakazuiwa kwa fimbo. Watu wote wa Hirbadaw, wenye kiu ya miaka, walingoja binti wa Masieda aseme. Oliva alichovya kipimo. Kisha akanywa funda moja, akalikalisha mdomoni, akalimeza. Akanywa la pili.

"Mnaweza kunywa," alisema.

Hapo kelele zikaja zote kwa pamoja.

Katikati ya kelele zile Pascal alitandaza karatasi juu ya boneti ya gari dogo, akaipangusa maji kwa kiwiko. "Sihitaji kukusaili tena," alisema. "Nipe jina lako kamili."

"Oliva Isidori Bura."

Isidori alisikia jina lake likitamkwa pale katikati, kati ya mtoto na babu, akaona kalamu ya Pascal ikiliandika. Kazi hii angeiua mwenyewe, kwa simu moja, kwa sababu ya maneno ya Margwe. Binti yake angemtii, sasa hivi angekuwa nyumbani anaandika barua nyingine ya maombi, na watu hawa wangekuwa wanachota magadi na kushukuru. Alitafuta neno la baba la kumwambia. Yote aliyokuwa nayo yalikuwa madogo.

Alimsogelea, kofia mkononi, akainamisha kichwa mbele ya wazee wote.

"Shikamoo, Oliva," alisema, na hakuwa anatania.

Binti akaziba mdomo kwa viganja vyake vyenye tope. Baba hampi mwanawe shikamoo, na hakuna mtoto Mbulu nzima anayejua namna ya kuiitikia. Oliva alibaki amesimama palepale, maji yakiendelea kuwanyeshea wote wawili.